Anaimba ukurasa mzima, lakini "simu" hawezi kuisoma

SWALI

Shikamooni walimu,

Binti yangu ana miaka 7, yuko darasa la kwanza katika shule ya serikali huku Mbagala. Darasani kwao wako mia na ushee. Hadi mwezi wa tano nilikuwa najivunia, maana akishika kitabu cha kusoma anateremka nacho mstari wa kwanza hadi wa mwisho bila kukwama. Juzi napika, namsikia anasoma, kugeuka naona kitabu kiko ukurasa mwingine kabisa na yeye anatazama dirishani. Nikachukua kalenda ya zamani, nikaandika kwa nyuma "simu", neno ambalo limo humo humo kwenye somo lake. Akaniambia "sabuni". Nikaandika "meno", akasema "mama".

Kaka yake wa darasa la sita humfundisha jioni. Anamuuliza, "Me na a?" Mtoto anajibu, "Mea." Anapigwa konzi.

Hesabu nako hivyo hivyo. Anahesabu mpaka mia bila kupumua, lakini ukimwambia aandike kumi na tatu anaandika 103. Imla ya wiki iliyopita kapata 0 kati ya 10, na herufi b na d anazigeuza. Mwalimu kaandika kwenye daftari: "Aongeze bidii."

Baba yake anataka tumpeleke tuisheni ya jioni, shilingi 500 kwa siku, na mwakani ikiwezekana ahamie Ingilishi Midiamu. Mimi nimeishia la saba, sijui nianzie wapi. Je, mtoto wangu ni mzito? Na hii miezi mitano iliyobaki inatosha?

Mama Hawa, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, Mama Hawa.

Mtoto aliyeshika ukurasa mzima kichwani kwa kusikia tu hana uzito wowote. Kazi aliyoifanya ni ngumu kuliko ile anayotakiwa kuifanya. Shida ni kwamba amepata njia ya uchochoroni, na hakuna aliyemwona akipita.

Piga hesabu uone. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Darasa lenye watoto 120, mwalimu akitaka kumsikiliza kila mmoja kwa dakika moja tu, anahitaji vipindi vinne vizima bila kufundisha kitu kingine. Hana muda huo. Kwa hiyo anaelekeza kijiti ubaoni, darasa zima linaitikia. Watoto kama kumi na tano mbele wanasoma kweli. Wengine wanadaka neno nusu sekunde baadaye na kulimalizia kwa sauti kubwa. Ukisimama mlangoni huwezi kujua nani anasoma na nani anaitikia. Ile chati ya ba be bi bo bu inaongeza tatizo, maana ina mahadhi. Mtoto akishalijua hilo "wimbo" hana haja tena ya kutazama ubao. Mwonyeshe "bo" peke yake na umtazame midomo: utaona inacheza ba, be, bi, mpaka aifikie.

Hata hivyo kuna jambo zuri kwenye barua yako ambalo huenda hukuliona. "Simu" kaiita "sabuni", "meno" kaiita "mama". Hajabahatisha hovyo. Ameisoma herufi ya kwanza, akaifahamu, kisha akatafuta neno analolijua linaloanza hivyo. Herufi ipo. Kinachokosekana ni kuiunga na ile inayofuata.

Anza kwa kupima, jioni moja, dakika kumi. Chukua karatasi nne. Ya kwanza andika herufi 13, zimevurugwa: m, t, a, s, k, e, b, n, i, l, o, d, u. Muulize kila moja inatoa sauti gani, usimuulize inaitwaje. Ya pili weka silabi: so, ma, ti, ne, ku, la, be, mi, do, sa. Ya tatu maneno: simu, meno, kiti, lala, samaki. Ya nne weka maneno yasiyo na maana yoyote: tebi, duko, lemi, sonu. Mwambie mapema kwamba hayo ni majina ya vikaragosi, asije akatafuta maana. Karatasi hii ya nne ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu hakuna mtoto anayeweza kuwa ameikariri.

Halafu mpime bila karatasi. Mwambie apige makofi kwa vipande vya neno "samaki", yawe matatu. Muulize: ukiondoa "sa" kwenye "sabuni" kinabaki nini? (Buni.) Ukiondoa "ki" kwenye "kikombe"? (Kombe.) Asipoweza hili, acha herufi kwanza. Cheza michezo hii ya masikio kwa wiki moja, hata mkiwa mnafua. Mtoto ambaye hajasikia kwamba neno lina vipande hawezi kuelewa kwa nini karatasi imejaa vipande.

Ikiwa herufi anaziweza na silabi zinamshinda, na barua yako inaelekea huko, basi kosa liko kwenye kuunganisha, na chanzo chake ni lile "me na a". Kaka yake anamfundisha majina ya herufi. M inaitwa "me", kwa hiyo "me" na "a" inakuwa "mea", na mtoto amejibu sawasawa kabisa kwa alivyoulizwa. Konzi lilimwendea asiyestahili. Mwambie kaka aache "me", "se", "ka". Iwe sauti tupu: midomo ifungwe, "mmmm", kisha bila kukata pumzi ifunguke, "mmmaaa".

Sauti si zote zinavutika. M, s, n, l, f, z, r, v unaweza kuzishikilia hata sekunde tatu, na ndiyo maana tunaanza nazo. B, d, g, k, p na t hazivutiki. Ukijaribu kuzitamka peke yake utaingiza irabu bila kutaka, "bu", "ke", na tatizo la "mea" linarudi kwa mlango wa nyuma. Hizo zifundishwe kwa kuandaa mdomo tu: bana midomo kama unayetaka kusema b, nyamaza, kisha itoke pamoja na irabu kwa mkupuo mmoja, "ba".

Sasa vifaa. Kata boksi la sabuni vipande 23 vya ukubwa wa kiberiti. Kwa makapeni andika silabi za m, s, n na l na irabu zote tano: jumla 20. Ongeza "ma" nyingine, "la" nyingine na "na" nyingine. Tumia herufi ndogo, kama zilivyo kitabuni, na upige mstari chini ya kila silabi. Mstari huo si urembo. Kadi ikigeuka juu chini, n inakuwa u na u inakuwa n, na utajikuta unamgombeza mtoto aliyesoma sahihi kadi iliyolala vibaya.

Kutokana na kadi hizo 23 unapata mama, lala, soma, sema, lima, simu, sumu, meno, nane, nusu, mali, sana, na hata salama na nanasi. Mtoto aliyesoma "nanasi" mwenyewe, bila picha, hutamtambua uso wake.

Dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki, zinatosha. Afanye akishakula na kabla hajaanza kusinzia. Saa tatu usiku ni kujisumbua. Dakika tatu za kwanza mpe kadi alizozijua jana, moja moja na kwa kuzivuruga. Usizipange kamwe a-e-i-o-u, maana wimbo utarudi papo hapo. Dakika saba zinazofuata ni za kuunganisha. Andika m na a kwenye karatasi, ziachane kwa upana wa vidole vitatu. Aweke kidole kwenye m, aivute sauti huku kidole kinatembea, na akifika a sauti ibadilike. Kisha zisogeze zikaribiane. Badili kitu kimoja tu kwa wakati: kwanza irabu, ma, mo, mi, halafu konsonanti, ma, sa, la, vyote viwili mwishoni. Dakika tano zilizobaki unganisheni maneno kwa kadi. Wewe tamka "lima", yeye atafute kadi mbili na kuzipanga. Halafu yeye akupangie wewe neno, nawe ulisome.

Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kusema chochote. Wazazi wengi humpa mtoto jibu ndani ya sekunde moja, na mtoto hujifunza kusubiri. Akikosea, usimwambie "angalia vizuri", kwa sababu anaangalia tayari. Weka kidole chini ya herufi ya kwanza na umwanzishie sauti, "sss". Akishindwa mara tatu, mwambie jibu kwa upole, irudishe kadi chini ya fungu, songeni mbele. Itafika tena baada ya dakika mbili.

Baada ya wiki mbili ongeza k, t na b. Baada ya hapo herufi mbili au tatu kwa wiki. Kiswahili kina konsonanti 18 za herufi moja. Ukizipa irabu tano unapata silabi 90, na hapo mtoto amekwisha fungua sehemu kubwa ya kitabu chake. Miezi mitano inatosha kwa hilo, hata ukiondoa siku za homa na za wageni.

D iache mpaka b imekaa wiki tatu. Watoto huzigeuza kwa sababu moja rahisi: kikombe ni kikombe hata mkono wake ukitazama kushoto, kiatu ni kiatu hata ukikilaza. Miaka sita yote mtoto amejifunza kwamba upande haubadilishi jina la kitu, na ghafla anakutana na herufi ambazo upande ndio jina. Kumwambia "b inatazama kulia" hakumsaidii sana mtoto ambaye kulia na kushoto kwenyewe bado kunamchanganya. Kinachosaidia ni mkono. B inaanza kwa fimbo: juu kwenda chini, kisha tumbo. D inaanza kwa tumbo, mwendo ule ule wa kuandika a, kisha mkono unapanda juu na kushuka. Mwambie d ni "a iliyorefuka". Aziandike kwa kidole mchangani, kubwa kama sahani, mara kumi kila moja, lakini siku tofauti. Kugeuzageuza huku ni kawaida kwa umri wake.

Herufi zenye mtego zitakuja baadaye, na zitakuja kwa wingi: ch, sh, ny, th, dh, kisha mb, nd, nj, nz, ng, kisha kw, mw, bw. Mawili yanasumbua zaidi ya mengine. La kwanza ni m inayosimama peke yake. "Mtoto" ni makofi matatu, m-to-to, lakini watoto wengi huandika "mutoto" kwa sababu wameambiwa kila silabi ina irabu. Mfundishe kuigonga hiyo m kwa kofi lake mwenyewe. Hata wakubwa hujikwaa hapa: "mbuzi" ni makofi mawili, mbu-zi, ilhali "mbuyu" ni matatu, m-bu-yu. La pili ni l na r. Kama nyumbani kwenu zinachanganyika mdomoni, mtoto ataandika "lafiki" na hatakuwa na namna ya kujua amekosea. Tumia maneno pacha yanayobadilika maana: kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari. Umtamkie moja, achague picha. Sikio likishatenganisha, mkono utafuata.

Kitabu cha shule usikitupe. Kifunike picha kwa kiganja, kwa kuwa nusu ya "kusoma" kwake ni kutazama picha. Anza mstari wa mwisho, panda juu. Gusa neno la katikati na umwambie asome hilo tu. Kwa njia hiyo ukurasa alioukariri unageuka kuwa mazoezi. Kama shuleni kitabu kimoja kinagombewa na watoto wengi, Taasisi ya Elimu Tanzania inaweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na kuvisoma hakuna malipo zaidi ya bando lako. Hakikisha ni toleo la mtaala mpya, ule ulioanza kutumika darasa la kwanza mwaka 2024, maana mitaani bado yanazunguka ya mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) wa 2015.

Imla ya 0 kati ya 10 isikutishe. Imla inadai mambo matatu kwa mpigo: kusikia vipande, kukumbuka herufi, na kuichora kabla mwalimu hajatamka neno lingine. Asiyeunganisha silabi hana pa kuanzia. Fanyeni imla ya kadi kwanza, maneno matano, apange mezani. Baada ya wiki mbili apange, azifunike, kisha aandike. Umwangalie pia anavyoshika penseli. Kidole gumba na cha shahada vibane, cha kati kiegemeze kwa chini, vidole viwe kama sentimita mbili hadi tatu juu ya ncha. Akiikandamiza karatasi mpaka nyuma yake ina matuta, mkono utachoka baada ya mistari mitatu na utadhani ni mvivu. Penseli iliyobaki urefu wa kidole cha mwisho itupe, haishikiki. Na kati ya neno na neno aweke kidole chake, hapo maneno yataacha kubebana.

Kuhesabu sasa, na hapa 103 ndiyo inayotufurahisha kuliko kitu chochote kwenye barua yako. Kiswahili kinasema wazi: kumi, na, tatu. Mtoto kasikia kumi, kaandika 10. Kasikia tatu, kaandika 3. Kaandika hasa alichosikia. Hajui bado kwamba sifuri ya 10 ni nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mgeni. Hili huwezi kulieleza kwa maneno, lakini kwa kadi linaonekana. Kata kadi ndefu tisa: 10, 20, 30, mpaka 90. Kata nyingine tisa zenye nusu ya upana huo: 1 mpaka 9. Weka 10 mezani, chukua 3, ilaze juu ya ile sifuri. Inasomeka 13. Inua: sifuri ipo chini, imefunikwa. Mwache afunike na kufunua mwenyewe, kumi na tano, ishirini na saba, arobaini na moja. Baada ya siku chache muulize 103 ilitokana na nini. Mara nyingi atacheka mwenyewe.

Kuhesabu mpaka mia bila kupumua ni wimbo ule ule wa ba be bi. Mwagia mezani visoda 13. Umwambie avihesabu, na akimaliza muulize, "Viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya, maana yake kwake namba ya mwisho bado si jibu, ni mahali wimbo ulipoishia. Akipata 15, tazama kidole chake: kinagusa kisoda kimoja mara mbili, au mdomo unakimbia kuliko mkono. Dawa ni kusogeza. Kila kisoda kinachotajwa kitoke upande huu kiende upande ule.

Trei ya mayai ya karatasi ina mashimo 30, safu sita za matano. Ikate vipande vitatu vya safu mbili mbili, kila kimoja kitakuwa na mashimo 10. Hicho ndicho kifaa bora cha hesabu za darasa la kwanza, na kimeshalipiwa pamoja na mayai. Kumi na tatu ni trei moja iliyojaa na visoda vitatu pembeni. Kujumlisha 8 na 5: jaza manane, mashimo mawili yako wazi, chukua viwili kutoka kwenye vile vitano uyajaze, vimebaki vitatu, kumi na tatu. Mtoto aliyefanya hivyo kwa mikono mara ishirini hatahesabu tena vidole kimoja kimoja kuanzia moja.

Makumi yatamsumbua kidogo, na sababu iko kwenye lugha. Sitini inafanana na sita, sabini na saba, tisini na tisa. Lakini ishirini haikutajii mbili, thelathini haikutajii tatu, na arobaini, hamsini, themanini vivyo hivyo. Hayo matano hayana mlango wa kukisia, lazima yashikwe. Funga vijiti kumi kumi kwa mpira. Mafungu matatu, useme "thelathini", mpe ayashike. Anza na hayo matano, yale mengine yatakuja yenyewe.

Kuhusu tuisheni, usitoe shilingi 500 kabla ya kwenda kutazama. Kama ni baraza lenye watoto 40 wanaoitikia ubao, utakuwa unanunua jioni wimbo anaoupata asubuhi bure. Mwalimu wa tuisheni muulize swali moja baada ya wiki ya kwanza: "Mwanangu amekwama wapi?" Akikujibu "anaunganisha m na s, b bado," mlipe. Akikujibu "anaendelea vizuri," mrudishe mtoto nyumbani, kwa sababu dakika zako 15 na kadi za boksi zina faida zaidi. Darasa la saba lako linatosha kabisa. Silabi za "nanasi" hazijabadilika tangu ulipomaliza.

Ingilishi Midiamu kwa sababu hii hatuishauri. Katika Kiswahili a ni a popote utakapoikuta. Mtoto akiijua leo haimgeuki kesho. Kwenye Kiingereza herufi hiyo hiyo hubadili sauti kutoka neno hadi neno, na lugha yenyewe bado ni ngeni kwake. Mtoto ambaye hajaweza kuunga sauti katika lugha anayoiota usingizini, ukimpeleka kule atafanya kile kile alichokifanya hapa: atakariri, tena safari hii bila kujua anachokariri. Asome kwanza. Mkitaka kumhamisha baada ya hapo, mna haki yenu, na baba yake mwambie hivyo hivyo.

Mwalimu wake mwendeeni, ila si asubuhi wakati darasa linajaa. Mchukulie kijikaratasi: "Anaunganisha m, s, n, l. Sasa tuko k na t. B na d bado." Mwalimu mwenye watoto mia na ushee akipata taarifa ya namna hiyo anajua amwinue lini na kwa neno lipi, lakini "mwanangu hajui kusoma" haimpi pa kushika. Mwombe mambo mawili tu: akae safu ya mbele, na mara moja kwa wiki aitwe ubaoni asome neno moja ambalo mmeshalifanyia kazi nyumbani. Na umweleze kuhusu "mea". Huenda darasani wako wengine kumi wenye jibu hilo hilo.

Macho na masikio yaangalie pia, hasa kama analeta kitabu karibu na pua, anainamisha kichwa upande mmoja, au ukimwita kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo haitiki. Lolote kati ya haya likiwepo, nenda hospitali kabla ya kukata kadi hata moja.

Zile karatasi nne zihifadhi. Baada ya wiki sita mpime tena kwa karatasi zile zile, isipokuwa ya nne: iandike upya, nemu, kubo, dasu, tole, asiwe amezizoea. Akisoma mawili kati ya hayo manne, hata kwa kuvuta polepole, yuko njiani na mwendelee vivyo hivyo hadi Desemba. Kama hata makofi ya "samaki" bado yanampotea baada ya wiki hizo zote, tuandikie tena, na kabla ya hapo uliza katika ofisi ya elimu ya kata ni shule ipi jirani yenye mwalimu wa elimu maalumu, umpeleke akamsikilize.